Simu Isiyoingia Maji

Ukungu ulikuwa ndani ya jicho la kamera, si nje. Priscillah aliipangusa simu ya mumewe kwa upindo wa leso, akapangusa tena, na ukungu ukabaki palepale chini ya kioo, mweupe, ukijikusanya na kuachana. Simu yenyewe ilikuwa kavu kabisa. Akainusa, kwa maana mwanamke aliyezeekea kwenye mashamba ya chai hunusa kitu kabla hajakiamini, na ikamjia harufu ya ugoro.

Katika nyumba ile hakuna aliyenusa ugoro tangu mama mkwe wake azikwe.

Tuelewane mapema kuhusu huyu mume. Muchiri alikuwa na duka la saruji na mabati pale Chepilat. Alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa kamati, mtu wa kusalimiwa na kila mwenye boda boda. Na alikuwa mjinga wa aina inayoudhi kuliko zote, yaani mjinga aliyeambiwa. Siku aliyonunua ile simu, muuzaji alimhakikishia kwamba haiingii maji, na Muchiri akaanza kuoga nayo. Bafu lenyewe lilikuwa jipya, la ndani ya nyumba, lenye vigae na shawa ya umeme, na kidirisha ambacho hakukifungua hata mara moja kwa kuogopa baridi yetu ya asubuhi. Kila alfajiri alijifungia humo, maji ya moto yakimwagika mpaka dari linatoa jasho, simu ikiwa kwenye rafu juu ya sinki, naye akiongea na mtu kwa sauti ya chini.

Priscillah alimwambia. Alimwambia kwamba Arasa, fundi wa simu pale sokoni, anasema kuzuia maji si kuzuia mvuke. Ule mpira mwembamba unaoziba simu ulijaribiwa kwa maji baridi na safi, haukujaribiwa kwa joto na sabuni. Sabuni huula, joto huulegeza, kisha mvuke hupita mahali tone la maji lingeshindwa, na ukipoa unageuka maji humo ndani. Alimsihi aiache mezani. Kama hawezi kuiacha, basi afungue dirisha, au aifunge kwa karatasi ya nailoni ya mkate, na asiitie chaji ikiwa na unyevu. Muchiri alicheka, akasema Arasa anatafuta wateja.

"Hii simu hata nikiitupa mto Kipsonoi itatoka ikilia," alisema. "Wewe shughulika na ng'ombe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Na wala hakuwa anaipenda simu kiasi hicho. Alikuwa anaficha jambo, na bafu lilikuwa mahali pekee penye komeo na kelele ya maji.

Jambo lenyewe lilijitoa siku moja alfajiri. Priscillah alikuwa jikoni akichemsha maziwa ya kwanza wakati simu yake ndogo ilipolia, na jina lililotokea ni la Muchiri, ambaye alikuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta, bafuni. Alidhani anataka taulo. Kumbe matone yakianguka juu ya kioo simu hujibonyeza yenyewe, na hii ilikuwa imejibonyeza katikati ya mazungumzo ikamwingiza Priscillah kama mtu wa tatu. Alimsikia mumewe akimwambia tajiri mmoja wa Nakuru, jina lake Kiarie, kwamba shamba ni lake akilitaka, lote, chai na nyumba.

"Mke wangu atakubali, niachie mimi," Muchiri alinong'ona. "Jumamosi ukuje na wakili, nitakuwa nimemwongelesha. Kaburi? Hiyo imeshazama. Ukikuja hutaona hata alama."

Kiarie alikata. Muchiri akaanza kuimba wimbo wa dini huku akijisugua, wala hakujua kwamba simu bado iko wazi kwa mkewe. Priscillah alisimama na mwiko mkononi, akisikiliza maji. Kisha akasikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu cha mnusa ugoro, kifupi, halafu kingine, na kilikuwa karibu zaidi na simu kuliko maji, karibu kuliko wimbo.

"Priscillah," sauti ya mwanamke mzee ikasema polepole. "Mwambie afunge maji. Yananiingia macho."

Maziwa yalifura yakazima jiko, na yeye hakuona.

Kilichompata kwanza ni hasira. Hofu ilikuja nyuma yake. Lile shamba lilinunuliwa na baba yake Muchiri alipohamia huku kutoka Nyeri, lakini aliyelichuma ni Priscillah. Ni vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, ni mgongo wake uliobeba kikapu hadi kituo cha kununulia, miaka yote ambayo Muchiri alikuwa akikaa kwenye kaunta akitoa risiti. Watoto walisomeshwa na ile michai, na bado walikuwa shule ya bweni wakisomeshwa nayo. Likiuzwa, hana pengine pa kwenda. Sheria ilimpa kitu kimoja tu, kwamba shamba la familia haliuzwi mpaka mke akubali, na sasa alijua mumewe amekwisha kukubali kwa niaba yake.

Mchana ule, mawingu yakiwa yameanza kushuka na ngurumo ikizunguka upande wa Ndanai, alichukua jembe akafuata bomba la bafu. Bafu lilijengwa wakati yeye yuko Mulot akimuuguza dada yake, kwa hiyo hakuwahi kujua maji machafu yanakwenda wapi. Aliambiwa yanakwenda shimoni, akaridhika. Alifuata mahali udongo ulipokuwa laini, akashuka katikati ya mistari ya chai, akaona michai ya upande ule ina kijani kizito kuliko mingine, akaendelea kushuka mpaka akafika kwenye kaburi la Cucu, kama walivyomwita nyanya wa nyumba ile, Mwihaki, mama yake Muchiri. Msalaba ulikuwa umelala. Tuta lilikuwa limedidimia likawa bakuli, na ndani ya bakuli mlikuwa na povu la kijivu. Shimo la maji ya bafu lilikuwa limechimbwa kichwani pa kaburi kabisa, likajazwa mawe, likafunikwa kwa matawi yaliyopogolewa.

Hilo halikuwa kosa la fundi. Mtu alipima, akachagua, akachimba kichwani pa mama yake, ili maji ya moto na sabuni yalainishe udongo kila alfajiri mpaka kaburi limezwe na mnunuzi asilione. Mimi nimesikia mambo mengi ya watoto na wazazi wao, lakini hili linanichemsha damu mpaka leo.

Priscillah aliinama juu ya yale mawe. Mvua ya mawe ilikuwa karibu, hewa ilikuwa ya kuuma, na bado kutoka katikati ya mawe palikuwa panatoka mvuke, vuguvugu, wenye sabuni ya Muchiri na ugoro ndani yake, ukipanda na kukatika, ukipanda na kukatika, kwa mwendo wa mtu anayepumua akiwa usingizini, na alipolisogeza tawi moja ili aone vizuri ule mwendo ukasimama, kana kwamba aliyekuwa amelala ameamka na sasa anasikiliza. Halafu shimo likakohoa. Aliacha jembe pale pale.

Jioni alimkabili mumewe. Hakupaza sauti. Alimwambia anajua kuhusu Kiarie na anajua kuhusu shimo. Muchiri hakukana, jambo ambalo lilimuudhi zaidi. Alisema chai imechosha, pesa iko Nakuru, na kwamba mke anayezuia maendeleo ya bwanake huwa analetewa mke mwenza wa kumsaidia kukubali.

"Mama amekufa, Priscillah," alimaliza. "Mtu amekufa hasikii maji."

"Ameniambia yanamwingia macho."

Muchiri alifungua mdomo acheke. Kicheko hakikuja, na hapo mkewe akafahamu kwamba naye amekwisha kuisikia ile sauti, na kwamba ameisikia na bado akaendelea kuoga.

Aliendelea kweli, mpaka siku alipotoka bafuni mbio, povu masikioni, taulo mkononi badala ya kiunoni. Priscillah aliyakusanya maelezo yake vipande vipande. Mvuke ulikuwa mzito kuliko siku zote, hata hakuona mkono wake mwenyewe. Simu iliwaka mwanga kwenye rafu bila kuguswa, ikapiga picha, ikapiga nyingine, na alipoinyakua aangalie aliona picha ya mvuke na yeye mwenyewe amesimama uchi, na nyuma ya bega lake pana mtu mfupi aliyejifunga kitambaa kichwani, ameinamisha uso kama anayekinga macho. Kisha spika ikasema jina lake. Si Muchiri, bali lile la utotoni, ambalo hakuna mtu aliye hai analijua.

Aliipeleka kwa Arasa. Fundi aliifungua, akatazama kwa muda, akaifunga. Maji hayakuwamo. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu wa shambani, umejipanga safi kwenye kingo ambako mpira ulikuwa umelika. Arasa aliirudisha kwa ncha za vidole, akamwambia atafute mahali pengine na asimtaje.

Basi tazama alichofanya. Watu wengine simu yao ikipata unyevu wanaifukia kwenye mchele, na mchele hausaidii kitu, lakini angalau haudhuru. Muchiri ni mtu wa nchi ya chai. Huku kila mtoto anajua kwamba majani chai makavu hunywa chochote kilicho karibu. Ukiyaweka na sabuni yatakuwa sabuni, ukiyaweka na mafuta ya taa utayatupa. Ndiyo maana yanafungiwa mkebe. Akauchukua mkebe wa jikoni, ule wa majani mazuri yanayotoka kiwandani ambayo Priscillah aliwawekea wageni, akaifukia simu humo, akabana kifuniko.

Alipoitoa, siku iliyofuata, jicho la kamera lilikuwa safi. Harufu ilikuwa imekwisha. Aliiweka bafuni, akafungulia maji, akangoja nje ya mlango, na simu ikanyamaza kama simu yoyote. Siku ile alirudi dukani akipiga mluzi, na kabla ya kuondoka alimkumbusha mkewe avae vizuri Jumamosi.

Priscillah hakupiga mluzi. Alimwita Rebeccah, jirani Mkipsigis, mjane, ambaye watu wa pande zile huenda kwake wakiwa na mambo ambayo hawawezi kuyapeleka kwa mchungaji. Rebeccah alikuja akiwa na gambuti, viatu vya mpira vya kuingilia zizini. Alifungua bafu, akasimama kidogo, akalifunga. Aliishika simu ndogo ya Priscillah, ile iliyomletea sauti, akaiweka. Alisikia habari yote, ya sauti, ya shimo, ya mkebe, na alipofika jikoni alisimama mbele ya ule mkebe akarudi nyuma hatua moja.

"Haiko kwa simu tena," alisema kwa sauti ya chini. "Imenywewa na majani."

Alieleza la kufanya, na halikuwa gumu. Majani yamwagwe kaburini. Shimo lizibwe, bomba ligeuzwe upande mwingine, kaburi lijengwe upya, waombe pamoja. Cucu alikuwa anataka kulala tu. Akilala, amelala.

"Lakini hiyo chai usipikie mtu, mama," aliongeza. "Pepo ikija na nguvu yake, tunaifukuza. Ikikaribishwa na mwenye nyumba, na kikombe, hiyo ni mgeni. Mgeni unamfukuza aje?"

Priscillah alimshukuru, akamsindikiza hadi langoni, na alikuwa na nia njema kabisa. Aliushika mkebe mara kadhaa. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi asubuhi, na huenda angeumwaga, kama Muchiri hangepita nyuma yake akifunga vifungo vya shati na kusema Kiarie ni mtu mkubwa, apikiwe chai ya majani mazuri, isiwe ile ya mifagio, makapi ya kiwandani, wanayokunywa wenyewe. Akasema na kingine. Akasema wakishaweka sahihi, trekta itakuja wiki hiyohiyo kung'oa michai.

Akaweka maji motoni.

Kiarie alikuwa mnene, mwenye heshima, na alikalia kiti cha Cucu kwa sababu ndicho kilichokuwa na mto. Wakili alikuwa bado njiani. Priscillah alimimina vikombe viwili, akaweka sukari, akaviweka mbele yao kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Kwake hakumimina. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi ukutani, na mvua ya mawe ilianza kugonga bati, kwanza moja moja.

"Karibuni chai," alisema, na alisema akimaanisha.

Kiarie alipuliza kikombe, akakileta puani, akasita. Aliuliza kama kuna mtu anayetumia tumbaku, akakiweka chini bila kuonja, na hilo lilimwokoa. Muchiri alikuwa na haraka ya kuonekana mkarimu. Alikunywa chake chote, akajipangusa mdomo, akaanza kusema habari za mpaka wa shamba, na katikati ya neno "mpaka" akakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi. Akakohoa tena, mabega yake yakashuka, shingo ikaingia ndani, mikono ikapanda ikafunika macho, na wakati mvua ilipozidi juu ya bati hata isiweze kusikika sauti ya mtu wa kawaida, sauti iliyotoka kwake ilisikika bila kupazwa, ya mwanamke mzee aliyechoka, iliyomtaka mgeni aondoke kwenye kiti chake, iliyosema mwaka mzima ameoshewa makwapa usoni na mtoto aliyemnyonyesha, mwaka mzima akifumba macho na sabuni ikipita, akiita na maji yakimjaza mdomo, na ilipokuwa ikisema maji yakaanza kumtoka Muchiri puani na mdomoni, ya vuguvugu, yenye povu, yakishuka juu ya shati jipya hadi sakafuni, na hayakukoma mpaka miguu ya Kiarie ilipolowa.

Kiarie hakusubiri wakili. Aliacha koti. Alikimbilia gari lake ndani ya mvua ya mawe akiwa amefunika kichwa kwa mikono, na hajaonekana Chepilat tena, wala hajapiga simu.

Muchiri alitoka kupitia mlango wa nyuma. Priscillah alimkuta kaburini akiwa amepiga magoti, akichimbua bomba kwa kucha, mawe ya mvua yakimpiga mgongoni, na alipokuwa akichimba alikuwa akilia kwa sauti yake mwenyewe na kujibembeleza kwa ile nyingine. Hakumwonea huruma. Afadhali niseme hivyo wazi kuliko kumpamba. Alisimama chini ya mwavuli akatazama mpaka bomba likatoka.

Rebeccah alikuja kesho yake baada ya ibada, akaomba mpaka sauti ikakauka. Aliita kila jina analolijua. Muchiri alikaa amefunika miguu kwa blanketi, akamtazama kwa adabu, akamuuliza kama amekunywa chai. Mwishowe Rebeccah alifunga Biblia, akauliza jambo moja tu, ni nani aliyempikia. Priscillah alitazama moto. Rebeccah akavaa gambuti zake akaenda, na hakuaga.

Kwa hiyo shamba lilibaki. Kaburi lilijengwa upya kwa saruji ya duka lenyewe, bomba likageuzwa, michai ikaendelea kuchipua, na Priscillah akaendelea kuchuma kwenye mistari yake, na kuna siku kadhaa ambazo kusema kweli alikuwa na furaha. Watu walisema Muchiri ameokoka, ametulia. Alikuwa amefunga duka. Alikaa jikoni kutwa kwenye kiti chenye mto, akinusa ugoro, akimwelekeza mkewe jinsi ya kukata mboga. Wengi walisahau kwamba Cucu alipokuwa hai hakuwa mtu mwepesi, na kwamba alikuwa hasahau.

Siku moja Priscillah alirudi kutoka kituo cha kununulia chai akiwa amelowa, akaweka kikapu, akachukua taulo na sabuni. Alipita jikoni kwenda bafuni, kama alivyokuwa akipita kila jioni tangu bafu lijengwe.

"Mwanangu nimemsamehe," sauti ya mzee ikasema nyuma yake, kwa utulivu, kutoka kwenye mdomo wa mumewe. "Hebu kaa hapa kidogo, Priscillah. Wewe maji yako yalikuwa yanaenda wapi?"